Munganga wa Mbali na Mukono wa Karibu



Siku hizi, katika mazungumzo ya jioni kule interna, neno moja linarudi mara nyingi: telemedisine. Maana yake ni kutunza mugonjwa aliye mbali, kwa njia ya simu, redio ao intaneti. Wamoja kati yetu wanasema: « Ngojeni miaka kidogo tu, kila kijiji kitakuwa na munganga ndani ya simu. Vituo vya afya vitakuwa vya nini tena? » Wengine wanacheka, wanasema hayo ni mambo ya inchi za watajiri, hayatafika kwetu. Sisi wa mwaka wa sita biochimie tunaona kama pande zote mbili zimekosea. Mutuvumilie kidogo tueleze sababu.

Wakati wa konje kubwa, mumoja wetu alikuwa kijijini kwao. Mama mumoja, jirani yao, alikuwa na mimba ya miezi minane. Akaanza kuumwa kichwa sana, miguu ikavimba, macho yakaona giza. Wakamupeleka kituo cha afya. Infirmie akamupima tansio, akakuta iko juu sana. Akapanda kilima kutafuta rezo, akamupigia simu munganga wa hospitali jenerali, mwendo wa kilometa 60. Yule munganga alifahamu palepale. Akasema: « Mumuchome sindano ya sulfate ya manyeziumu, halafu mumulete hapa upesi. »

Shauri lilikuwa la kweli, na lilifika kwa dakika tano. Lakini katika kabati ile dawa haikuwa. Ilikuwa imekwisha tangu miezi miwili. Wakamubeba yule mama kwa kipoyi mpaka barabarani, kisha kwa pikipiki. Mama alipona. Mutoto hakupona.

Tangu siku ile tunajiuliza: je, simu ilikosa nini? Haikukosa kitu. Ilifanya kazi yake yote. Kilichokosekana kilikuwa huku kwetu, mahali mugonjwa alipolala.

Wengi wanafikiri kama jambo hili lilizaliwa pamoja na intaneti. Sivyo. Katika Australia, mwaka 1928, pasta mumoja wa Kipresbiteri, John Flynn, alianzisha kazi ya wanganga wanaosafiri kwa ndege kwa kutunza watu wa mashamba ya mbali. Lakini watu wale wangemwita munganga namna gani? Mwaka 1929 fundi Alfred Traeger alitengeneza redio ya kukanyaga na miguu, sawa na kinga. Hakuna umeme? Kanyaga, redio itasema. Hii ni akili ya kweli: kutengeneza mashini kufuatana na hali ya watu, si kungojea watu wafuate hali ya mashini.

Tena waliona kama redio peke yake haitoshi. Kuanzia mwaka 1942 walitawanya masanduku ya dawa katika mashamba, kila dawa na namba yake. Munganga aliweza kusema katika redio: « Mupe namba fulani, mara tatu kwa siku. » Mama wa nyumba akafungua sanduku, akakuta dawa iko. Wandugu, telemedisine ilikuwa ndani ya lile sanduku sawa na ndani ya redio.

Hapa Congo vilevile, wazee wetu wa misioni wanajua foni. Hospitali ya Nyankunde, katika Ituri, ilitumia foni pamoja na ndege ndogo za MAF kwa kusaidia hospitali ndogo zilizo mbali. Wao hawakutumia neno telemedisine, lakini kazi yenyewe waliifanya.

Sasa tutazame inchi mbili za leo. Serikali ya India ilianzisha mwezi wa 11 mwaka 2019 kazi inayoitwa eSanjeevani. Kufika mwezi wa 2 mwaka 2023, wagonjwa walikuwa wameulizia mashauri zaidi ya mara milioni 100. Hesabu hii inashangaza. Lakini mujue namna walivyoifanya: sehemu kubwa ya wagonjwa hawakuwa peke yao na simu nyumbani. Walikuwa katika kituo cha afya, na mutumishi wa afya karibu nao. Yeye ndiye alipima, alieleza, na alifuata shauri la munganga wa mbali.

Inchi ya pili ni jirani yetu Rwanda. Mwaka 2016 kampuni Babylon ya London ilifungua kazi kule kwa jina la Babyl. Mutu aliita kwa simu ndogo ya kawaida, akasema na infirmie ao munganga. Watu zaidi ya milioni 2 walijiandikisha. Kazi ilikuwa nzuri, watu waliipenda. Lakini mwaka 2023 ile kampuni ya London ilianguka na madeni, na Babyl ikafungwa. Wagonjwa wa Rwanda hawakukosa neno, na wanganga wao hawakukosa neno. Kamba tu ilikuwa imefungwa kwa muti wa mbali, na muti ule ukaanguka.

Basi sisi tunapashwa kufanya nini? Congo iko na kilometa za mraba zaidi ya milioni 2, na wanganga wengi wanakaa Kinshasa na miji mikubwa. Hatuwezi kukataa telemedisine. Mugonjwa wa kidonda anaweza kupigwa picha, na munganga akaitazama mbali bila mugonjwa kutembea siku tatu. Infirmie aliye peke yake porini anaweza kuuliza mwenzake, na kila akiuliza anajifunza. Faida hizi hatuzichezei.

Lakini inchi yetu tayari iko na njia yake: zone za afya 519, pamoja na hospitali jenerali na vituo vya afya, na infirmie titilere katika kila kituo. Tunaona kama telemedisine inapashwa kuingia katika njia hii, si kupita kando yake. Tunasema wazi mambo matatu. La kwanza, Leta isikubali mradi wa simu katika kituo ambacho dawa za kuokoa maisha hazimo kabatini. Vyote viwili viende pamoja. La pili, pano za jua, mega na mushahara wa yule anayejibu simu viwekwe katika bajeti ya inchi, visingojee mufadhili ambaye kesho ataondoka. La tatu, siri ya mugonjwa ichungwe. Picha ya mwili wake si kitu cha kutembeza katika simu za watu.

Tunajua wengine watasema: « Leta haiko na franka. Heri kidogo kuliko kukosa yote. » Ni neno la kweli nusu. Simu bila dawa inaweza kutupa haraka jina la ugonjwa. Lakini yule mama wa kijijini alikuwa na jina la ugonjwa wake kwa dakika tano, na mutoto wake amezikwa.

Tunamaliza kwa neno linalotugusa sisi wenyewe. Katika darasa letu tuliuliza nani anataka kuwa munganga: mikono mingi ilipanda. Tukauliza nani atakwenda kusoma uinfirmie, halafu kutumika kijijini: mikono miwili tu. Wandugu, hata kama munganga mukubwa wa dunia atasema katika simu, kutakuwa lazima mutu wa kushika simu, kupima tansio, na kuchoma sindano. Tunawaomba muwaze juu ya ile mikono miwili mbele ya kujaza karatasi za kuchagua masomo. Na walimu wetu, mutusaidie kuona kazi ile kuwa kazi ya heshima.

Wanafunzi wa mwaka wa sita biochimie