Mafundi wa Mwambao wa Lindi Wasisimame Peke Yao

Kuta za Husuni Kubwa na za Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani zinashuhudia kwamba ufundi si jambo geni katika mwambao wa Lindi. Magofu hayo, pamoja na yale ya Songo Mnara, yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yalitangazwa kuwa hatarini, na baada ya kazi kubwa ya kuyahifadhi yakaondolewa katika hatari hiyo mwaka 2014. Lakini warithi wa ufundi huo, yaani waashi, maseremala, wachomeaji vyuma, mafundi umeme na vijana wanaofunga mitambo ya umeme wa jua na kutengeneza kompyuta, hadi leo wengi wao wanaishi kwa kubahatisha.

Shida yao si ukosefu wa ujuzi. Shida ni kwamba kila mmoja anasimama peke yake mbele ya mwenye kazi. Fundi huitwa, akapatana bei kwa mdomo au kwa karatasi moja, akaja na vifaa vyake, akamaliza kazi, kisha akaambiwa asubiri fedha. Akidai sana, kazi ijayo atapewa mwenzake aliyekubali bei ya chini. Akianguka kutoka kwenye paa, matibabu ni juu yake. Mtumishi wa umma huchangiwa na mwajiri wake katika mfuko wa PSSSF. Fundi anayeezeka ofisi ya mtumishi huyo hana wa kumchangia.

Watumishi na walimu wanalifahamu jambo hili kwa karibu, kwa kuwa mara nyingi wao ndio wanaotoa kazi. Mwaka 2021, Serikali ilipoamua kujenga madarasa 15,000 nchini kwa fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, ulitumika utaratibu unaojulikana kama “fosi akaunti”: shule hununua vifaa, fundi wa mtaani hutoa nguvu zake. Utaratibu huo umesifiwa kwa kupunguza gharama, na sifa hiyo ni ya haki. Hata hivyo, unafuu unaopatikana kwa kumbana fundi si unafuu. Ni deni lililotwishwa mabegani mwa mnyonge.

Dawa ipo, nayo haihitaji kutafutwa mbali. Mkulima wa korosho na ufuta wa Kilwa hauzi tena mazao yake peke yake. Chama chake cha msingi hukusanya, na Chama Kikuu cha Lindi Mwambao husimamia mnada. Kwa nini jasho la fundi lisipate kinga kama hiyo? Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 haikutungwa kwa ajili ya wakulima peke yao. Wachonga vinyago wa Kikamba huko Changamwe, Mombasa, waliunda ushirika wao mwaka 1963: mchongaji alichonga chake, chama kikatafuta wanunuzi.

Ushirika wa mafundi ungetia saini mikataba kwa jina la chama, ungenunua jenereta na mashine ambazo mtu mmoja hazimudu, na ungetenga akiba ya kuwalipa wanachama malipo yanapochelewa. Aidha, ungewachangia wanachama wake katika NSSF na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Zabuni za Serikali sasa hupitia mfumo wa kompyuta wa NeST, ulioanza mwaka 2023. Fundi asiye na ofisi huishia mlangoni. Chama chenye karani kingeingia.

Haifai kuficha kwamba ushirika una makovu yake. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na wako wakulima waliopunjwa na viongozi waliowachagua wenyewe. Ushirika wa mafundi ukiongozwa na mtu asiyeshika mwiko wala bisibisi, anayekaa mezani na kuwagawia kazi jamaa zake, utakuwa ni unyonyaji ule ule uliobadili jina. Kwa hiyo uongozi ushikwe kwa zamu na wanaofanya kazi, na hesabu zisomwe mbele ya wanachama wote.

Kazi kubwa zimekwisha fika mwambao. Gesi ya Songo Songo inazalishwa tangu mwaka 2004, na jiwe la msingi la bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko liliwekwa mwaka 2023. Mafundi wakiendelea kutawanyika, wataingia katika kazi hizo kama vibarua na kutoka mikono mitupu.

Ni wajibu wa maofisa ushirika kuwafuata mafundi walipo na kuwaeleza sheria. Ni wajibu wa walimu wakuu na watendaji kuandika mikataba kwa Kiswahili kinachoeleweka na kulipa kwa wakati. Na ni wajibu wa mafundi wenyewe kuanza, hata kama ni wachache. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.