Mchagua Jembe Naye Huwa Mkulima

Mchagua jembe si mkulima. Hii ni methali niliyolelewa nayo Kibokoni, Mombasa, na sina ugomvi nayo. Lakini mwaka juzi niliitumia pasipo pake, na aliyelipia kosa langu ni mtoto wa dada yangu. Ndiyo maana leo naomba nafasi katika ukurasa huu, ndugu msomaji, niitengue kauli yangu mbele ya watu.

Mpwa wangu huyo akaa Huruma, katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, nami naishi Jericho. Kazi yake ni ukedi, yaani kubeba mifuko ya fimbo za wacheza gofu. Huondoka baada ya Alfajiri kwa miguu, hurudi Magharibi, na siku ya Jumatatu, makedi wa klabu yake wanapoachiwa uwanja, naye hucheza. Huko kwetu pwani wengi hudhani gofu ni starehe ya mabwana wasio na kazi. Kwa vijana wa Eastlands ni mlango wa riziki. Kedi mwenye mkono mzuri aweza kufika daraja la kulipwa kwa kucheza na kwa kufundisha wengine, na wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya walianzia kwenye kubeba mifuko.

Maradhi yake yalikuwa moja: mpira wake ulikata kulia. Wenyewe huita slaisi. Aupiga, waondoka vyema kama jahazi lililopata upepo, kisha katikati ya safari waenda mrama na kuishia vichakani. Na mfuko wake ulikuwa wa fimbo za kuokoteza tu. Hakuwa na hata wudi moja.

Wudi ni zile fimbo ndefu za kichwa kinene. Jina hilo maana yake ni mti, kwani zamani vichwa vyake vilichongwa kwa mti mgumu. Mwaka 1979 kampuni ya TaylorMade ya Marekani ilianza kuuza za chuma, na baadaye mti ukaaga, jina likabaki. Ile kubwa ya kuanzia shimo huitwa dreva. Ndogo zake, ambazo ndizo shauri letu leo, ni za kuupiga mpira uliokwisha kulala majanini, shimo likiwa bado mbali. Hizo hujulikana kwa namba: 3, 5 na 7.

Kijana alikuwa ameweka senti kwa senti kwa miezi minane anunue wudi moja. Akaja kwangu siku ya Ijumaa.

"Shikamoo mjomba. Nawaza ninunue ya 7, lakini wenzangu wanicheka. Wasema ni fimbo ya wazee na akina mama."

"Marahaba mwanangu," nikamjibu, nimeegemea kiti kama mwenye hekima. "Mchagua jembe si mkulima. Wanaume hupiga ya 3. Nunua ya 3, kisha ujizoeze."

Akainunua kwa bwana mmoja muuza mitumba. Miezi mitatu baadaye alikuwa amepoteza mipira mingi kuliko aliyopoteza mwaka mzima uliotangulia, na wenzake walikuwa wakimwita jina ambalo siliandiki hapa. Dada yangu akanipigia simu akaniambia kijana ataka kuacha mchezo. Hapo ndipo nilipoanza kuuliza wanaojua, jambo ambalo ningelifanya kabla ya kufungua kinywa.

Na nilichojifunza ni hiki. Mpira hukata kulia, kwa mtu apigaye kwa mkono wa kulia, kwa sababu uso wa fimbo wakati wa kugonga umefunguka kulia ukilinganishwa na njia ipitayo fimbo yenyewe. Aghalabu fimbo hutoka nje ikaja ndani, mithili ya mtu afyekaye majani kujivutia mwilini. Mpira hutoka ukizunguka huku umeinamia kulia, na hewa huusukuma huko huko.

Sasa tazama uso wa fimbo. Haukusimama wima, umelala nyuma kidogo, na mlalo huo hupimwa kwa digrii. Dreva nyingi zina digrii 9 hadi 11. Wudi ya 3 ina kiasi cha 15, ya 5 ina 18 au 19, na ya 7 ina 21 au 22. Kadiri uso unavyolala, ndivyo mpira unavyopanda na kuzunguka zaidi kinyumenyume, na mzunguko huo wa kinyumenyume huumeza ule wa upande. Mkono ukikosea kwa kiasi kile kile, fimbo ya 7 hukuadhibu kidogo na ya 3 hukuadhibu sana. Juu ya hayo, mpini wa 7 ni mfupi kuliko wa 3, na fimbo fupi ni rahisi kuifikisha kwenye mpira uso wake ukiwa sawa.

Kwa hiyo kijana alikuwa amejitibu mwenyewe kabla hajaja kwangu. Aliyemharibia dawa ni mimi na ule uanaume wetu wa namba.

Wako watakaonijibu kwamba ya 7 haifiki mbali. Ni kweli, ikipigwa na fundi, ya 3 huipita. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Mpira uliofika hatua 180 ukalala majanini una faida kuliko uliofika 200 ukalala kichakani. Na kuhusu aibu, Mmarekani Dustin Johnson aliposhinda mashindano ya Masters mwezi wa Novemba 2020, wudi ya 7 ilikuwa mfukoni mwake. Kama haikumuaibisha yeye, itamuaibishaje kijana wa Huruma?

Basi kwa mwenye maradhi haya na mwenye fedha ya fimbo moja tu, shauri langu ni hili. Kwanza asome digrii zilizoandikwa kwenye kichwa, asidanganywe na namba, kwani ya 5 ya kampuni moja yaweza kuwa na mlalo tofauti na ya 5 ya nyingine. Asishuke chini ya 18. Pili, aiweke fimbo chini aitazame kutoka juu. Ziko zilizotengenezwa uso ukarudi nyuma kidogo ya mpini, na nyingine zimetiwa uzito upande wa kisigino, karibu na mpini, ili uso uwahi kufunga. Hizo ni rafiki wa mwenye slaisi. Tatu, ashike mpini. Wenye herufi S ni mgumu, wamfaa mwenye nguvu na kasi. Wenye R ni laini zaidi, na mara nyingi ndio umfaao mtu wa kawaida. Nne, kwa sisi tununuao mitumba, aitikise fimbo sikioni. Ikilia ndani kama njuga, huenda gundi imeachia au kuna kitu kimekatika. Airudishe.

Wasomaji wangu wa Mombasa nawaongezea neno. Nairobi iko juu ya bahari kwa kiasi cha mita 1,700, na hewa yake ni nyepesi kuliko yenu kwa karibu asilimia 15. Hewa nyepesi huusukuma mpira kidogo. Kwa hiyo mpira ukatao kulia Nairobi, ukipigwa vile vile pale uwanjani Mama Ngina, kando ya bahari, utakata zaidi, na upepo wa Kusi ukivuma hautauonea huruma. Mtu wa bara akija kwenu akashangaa mkono wake umeharibika, mwambieni haukuharibika. Ameshuka tu hadi penye hewa nzito. Na nyinyi mnaocheza huko ndio hasa mnaohitaji fimbo yenye mlalo mkubwa.

Je, fimbo hutibu? Hasha. Fimbo ni mkongojo. Dawa ni mwalimu, na kuirekebisha njia ya mkono. Lakini mwalimu hulipwa kwa saa, na kijana anayelipa kodi ya chumba Huruma hana fedha hiyo leo. Hatumcheki kiwete kwa kutembelea mkongojo. Tumemcheka huyu kwa sababu gani?

Nimeirudia ile methali nikaifikiri upya. Waliosema mchagua jembe si mkulima walimkusudia mvivu, yule ambaye kila jembe kwake lina kasoro ili asilime. Lakini mtu wa pwani akipewa shamba la mwamba hapo Kikambala, hushika mtaimbo kwanza. Hakuna amwitaye mvivu. Ameijua ardhi yake. Mpwa wangu naye aliijua ardhi yake, akaja kuomba ruhusa kwa mzee asiyeijua.

Ile ya 3 ameiuza kwa hasara, na pungufu lake nimelilipa mimi, kwani ndilo deni langu. Sasa ana ya 7. Mpira wake wakata kulia hata leo, siwezi kusema uongo, ila hulala majanini na huonekana. Jumatatu iliyopita alicheza mashimo yote 18 na kurudi nyumbani na mpira ule ule aliotoka nao.

Enyi wajomba wenzangu, mtoto akija na shauri, muulizeni kwanza yeye ameona nini.