Meno yana waya, tumbo lina kosa gani?

Leo tuyaache kwanza mambo ya mapenzi na mitindo ya nywele, tuingie jikoni. Kuna binti mmoja wa miaka 15 amenipa kazi, na najua ana wenzake kibao huko mitaani.

Binti huyu ni mtoto wa shangazi yangu, wanaishi Katoro, mkoani Geita. Meno yake ya mbele yalipandana tangu utotoni, akazoea kucheka huku kaziba mdomo kwa kiganja. Baba yake ni mchimbaji mdogo, na kama Wasukuma wengi, akipata chochote machimboni hukimbilia kununua ng'ombe. Basi mzee akauza ng'ombe wawili, binti akapelekwa Mwanza kwa daktari wa meno, akarudi na nyaya juu na chini. Mtaa mzima ukaja kuangalia. Wengine wakasema kapendeza, wengine wakasema kafungwa spoku za baiskeli.

Nilifika kuwasalimia siku ya tatu, nikamkuta kajikunja kitandani. "Dada, siwezi kutafuna hata wali," akaniambia, machozi yanamlengalenga. Kumbe siku zote hizo alikuwa anaishi kwa soda na mrija! Usiku wa kuamkia siku ile njaa ikamzidi, akachukua hindi la kuchoma la mdogo wake, akaling'ata. Kah! Kibati kimoja kikang'oka. Mzee akanivuta pembeni na kuniambia taratibu, "Mwanangu, ng'ombe wangu mmoja kaliwa na hindi."

Cheka, lakini ndiyo hali halisi. Ni kweli daraja la Kigongo-Busisi lililofunguliwa mwaka 2025 limetuondolea foleni ya kivuko, lakini nauli ya kwenda Mwanza haijaondoka. Kibati kikitoka lazima urudi kwa daktari, na wakati huo jino linakaa bila kuvutwa. Kwa hiyo suala la chakula si la kujidekeza. Ni kulinda mali ya mzee, na pia ni kumlinda mtoto anayekua asishinde njaa.

Kwanza tuelewane kwa nini panauma. Waya unapovuta jino, mfupa unaolishika jino hilo humong'onyoka kidogo upande linakokwenda, halafu hujijenga upande linakotoka. Hiyo ni kazi nzito, si ajabu ukasikia maumivu. Kwa kawaida siku ya kwanza na ya pili ndiyo kiama, kisha maumivu yanashuka, na ndani ya wiki moja hivi mtu anarudi katika hali yake. Yatarudi tena kila daktari anapokaza, ila si kwa ukali ule wa mwanzo. Na safari yenyewe ni ndefu, wengi hukaa na nyaya mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Je, miaka miwili yote utakunywa soda?

Sasa sikia kituko. Jirani mmoja alikuwa amemwambia shangazi kwamba mtoto wa nyaya anataka vyakula vya kizungu: aiskrimu, mtindi wa vikopo na supu za pakiti. Maskini shangazi wa watu alikuwa ameshaanza kuhesabu pesa na kuguna. Nikamuuliza, "Shangazi, kwani ghalani kuna nini?" Tukaenda wote kuangalia. Kulikuwa na michembe, karanga, unga wa ulezi na mchele, na jikoni kibuyu cha maziwa mgando kilikuwa kimejaa. Nikamwambia hapa hatununui aiskrimu.

Siku tatu za mwanzo ni za kumeza, si za kutafuna. Asubuhi uji wa ulezi, mwepesi kidogo, uliochanganywa na maziwa na kijiko cha karanga zilizosagwa zikalainika kabisa. Sukari iwe kidogo, maana hujificha kwenye vibati na kutoboa meno. Mchana maziwa mgando yaliyowekwa mahali pa baridi. Ubaridi hutuliza ufizi, na nyaya nyingi zinazofungwa mwanzoni hulegea kidogo zikipata baridi, hivyo jino linapumua. Jioni wali uliopikwa kwa maji mengi mpaka ukawa kama uji mzito, ukamalizia na maziwa. Huku Shinyanga na Geita mpunga tunalima wenyewe, kwa hiyo usiniambie hauna.

Kuanzia siku ya nne anza kupandisha. Michembe ile ioshe, ichemshe mpaka ivurugike ukiigusa kwa mwiko, kisha mimina karanga zilizotwangwa na chumvi kidogo, ikae jikoni mpaka iwe nzito. Hiyo inashiba, bwana! Lakini matobolwa usiyatafune makavu kama mlivyozoea na chai, yale yatakung'olea vibati vyote. Viazi vitamu vya kuchemsha viponde na maziwa. Ndizi za kupika nazo zichemshe mpaka ziwe laini kabisa.

Kuhusu ugali, msiogope. Usonge uwe laini, mega tonge dogo kama punje ya ubuyu, halafu uchovye kwenye mlenda. Wanaocheka mlenda leo ndiyo siku yao ya kunyamaza, maana hakuna mboga inayoteleza kama ile. Ugali unashuka wenyewe, meno hayana habari.

Mtoto anayekua anataka pia vya kujenga mwili. Chemsha sato, mtoe miiba yote kwa mkono wako, kisha mchambue vipande vidogo ndani ya mchuzi. Dagaa wakavu watwange wawe unga, nyunyiza kwenye mchuzi au kwenye mboga za majani zilizoiva vizuri. Maharage yaloweke usiku kucha, yachemshe sana, yaponde. Mayai ya kuvuruga ni ya dakika tano tu. Matunda ni papai, parachichi na ndizi mbivu. Embe bivu lile kwa kisu, ulikate vipande. Ile tabia ya kufyonza kokwa iache, utashinda kutwa nzima unachomoa nyuzi kwenye waya.

Vya kuvipa likizo mpaka nyaya zitoke ni hivi: hindi la kuchoma, miwa, bisi, karanga kavu, kashata, tofi, bigijii, mifupa ya nyama choma na kutafuna barafu. Ukitaka nyama, iwe ya kusaga au iliyochemka mpaka ikachambuka yenyewe. Ndimu na ukwaju navyo, kama mdomo una vidonda, vitakuliza.

Vidonda vya shavuni ni vya kawaida siku za mwanzo. Chukua glasi ya maji ya vuguvugu, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, sukutua na uteme, mara chache kwa siku. Waya ukichoma, daktari huwa anatoa nta ya kuubandika hapo. Kibati kikitoka usikivute wala usijifanye fundi, mpigie daktari. Na kila ukimaliza kula piga mswaki laini taratibu, kibati kwa kibati. Meno yaliyonyooka huku yametoboka ni hasara tupu.

Binti akaniuliza swali ambalo kumbe ndilo lilikuwa linamtesa kuliko maumivu. "Dada, nikirudi bweni nitakula nini? Kule ni makande, na nikiomba chakula laini watasema najidai." Hapo nikakaa chini. Makande ya mahindi yasiyokobolewa kwa mtu mwenye nyaya mpya ni vita. Nikamwambia akachukue karatasi ya daktari ampelekee matroni mapema, si siku atakayokuwa ameshazimia kwa njaa. Aombe apakuliwe maharage mengi na mahindi machache, na maharage ayaponde kwa kijiko. Kama shule inaruhusu, abebe unga wa ulezi na wa karanga. Na wakimcheka awaambie hivi: zamani madaktari walitumia waya wenye dhahabu kwa kazi hii hii, mpaka karne ya 20 ilipofika katikati chuma kisichoshika kutu kikachukua nafasi yake, kwa sababu ni imara zaidi na ni rahisi. Kwa hiyo mtoto wa Geita akivaa nyaya wala hajaiga ya watu, kachelewa tu!

Akacheka. Mkono ukataka kwenda mdomoni, akaurudisha.

Jamani wazazi, mtoto akikwambia hawezi kutafuna usimwite mdeko. Na wewe kijana, ukiona mzee kauza ng'ombe kwa ajili ya meno yako, usiyashindishe na njaa, wala usiyapeleke kwenye hindi. Chakula laini si cha wagonjwa wala wazee peke yao. Bibi zetu walikipika miaka yote, sisi ndio tulioanza kukionea aibu.

Jioni ile binti alimaliza sahani ya michembe, akaongeza. Mzee alikuwa mlangoni anamtazama, akatikisa kichwa. "Ng'ombe wa pili," akasema, "huyu tumchunge wote."