Mambo ya Nyumbani: Nepi za Nguo kwa Mtoto Mchanga

Mwanamke ajifunguaye mtoto wake wa kwanza hapungukiwi na washauri. Mama mkwe humwambia hivi, jirani humwambia vile, na mwenye duka humwonyesha furushi la nepi za kutupa. Mwaka 1961 nepi za namna hiyo zilianza kuuzwa Marekani kwa jina la Pampers, na siku hizi watu wengi wa Kenya huita kwa jina hilo nepi yo yote ya kutupa. Kuzitumia ni rahisi, lakini fedha yake hutoka kila wiki, na zikiisha kuchafuka ni taabu kuziondoa. Kwa hiyo nyumba nyingi zingali zikitumia nepi za nguo. Nepi ya nguo ni kitu chema sana, ila yamtaka mama ajue kuitunza, kwa maana ile isiyotunzwa vizuri yaweza kumdhuru mtoto.

Kwanza ni kununua. Nepi ya kitambaa cha taulo, yenye upana wa sentimita 60 kila upande, hunyonya maji mengi. Leso kuukuu iliyolainika kwa kufuliwa hufaa pia kwa mtoto wa siku chache. Nailoni haifai kabisa, kwa kuwa hainyonyi. Mtoto mchanga huweza kubadilishwa mara 10 hata 12 kwa siku. Basi mama afuaye kila siku atatosheka na nepi 24. Mwenye fedha kidogo aanze na 12 pamoja na vipande vya leso, kisha aongeze polepole. Ikiwa mtoto atazaliwa wakati wa mvua ndefu, yaani Machi mpaka Mei, ni afadhali akiba iwe kubwa zaidi, maana nguo hazikauki upesi. Tena zinahitajika pini nne za nepi zenye kifuniko, chupi mbili tatu za plastiki, na ndoo yenye kifuniko kinachofunga sawasawa. Nepi mpya zifuliwe mara mbili au tatu kabla ya kutumiwa, kwani pamba iliyotoka dukani hainyonyi maji vizuri.

Pili ni kumvika. Nepi hukunjwa pembe tatu, ikawa nene mbele kwa mtoto wa kiume, na nene katikati kwa wa kike. Ukingo wa mbele ushushwe chini ya kitovu mpaka kitovu kianguke na pahali pake papone, ili pasilowe mkojo. Miguu isifungwe ikanyoshwa pamoja. Iachwe ikunjike na kupanuka, kama ikaavyo mtoto anapobebwa mgongoni, kwa maana hivyo viungo vya nyonga hukua vyema. Mama atiapo pini aweke vidole vyake kati ya nepi na tumbo la mtoto. Heri achomwe yeye kuliko mtoto. Pini ikikataa kupita, ichomwe kwanza katika kipande cha sabuni, nayo itateleza.

Tatu ni kufua. Kinyesi cha mtoto mchanga hudhaniwa na wengi kuwa hakina madhara, lakini sivyo. Kina vijidudu vya ugonjwa kama cha mtu mzima. Kitupwe chooni, wala nepi zisifuliwe mtoni wanakoteka maji watu wengine. Nepi isuuzwe kwanza kwa maji baridi, kisha ifuliwe kwa maji ya moto na sabuni, halafu isuuzwe tena na tena mpaka maji yasiwe na povu. Sabuni iliyobaki katika nguo huichoma ngozi ya mtoto. Dawa za kulainisha nguo zisitiwe, kwani huizuia nepi kunyonya. Ndoo ya nepi zilizolowekwa isiachwe wazi hata kidogo. Mtoto atambaaye aweza kuzama katika maji machache mno, na jambo hilo hutokea kwa muda mfupi tu mama anapogeuka.

Nne ni kukausha na kupiga pasi, na hapa ndipo wengi wakosapo. Kuna nzi mmoja wa nchi za joto za Afrika, mwenye rangi ya manjano iliyofifia, ambaye wataalamu humwita Cordylobia anthropophaga. Nzi huyu hupenda kivuli na harufu ya mkojo. Hutaga mayai yake, 100 hata 300, katika mchanga uliochafuka au katika nguo mbichi iliyoanikwa kivulini. Baada ya siku moja mpaka tatu mayai huanguliwa, na funza wadogo wasioonekana kwa urahisi hungoja ngozi ya joto. Mtoto avikwapo nepi hiyo, huingia ngozini bila yeye kulia. Siku chache baadaye huonekana jipu lenye tundu dogo katikati, na ndani yake yumo funza.

Kinga yake si ghali. Nepi zianikwe juani, juu ya kamba, wala zisitandazwe juu ya majani au ardhini. Zikiisha kukauka kabisa zipigwe pasi ya moto pande zote mbili, hasa penye mishono na pindo, na pasi ya makaa hufanya kazi hiyo vizuri kama ya umeme. Mama aonaye kwamba kupiga pasi nepi ni madaha ya kupoteza makaa, akumbuke kwamba makaa hayo ndiyo dawa. Ikiwa jipu la namna hiyo limekwisha kutokea, lisikamuliwe kwa nguvu, maana funza akipasuka ndani huleta uvimbe mbaya. Mtoto apelekwe zahanati.

Hata nepi safi huleta wekundu ikikaa muda mrefu na unyevu. Basi ibadilishwe mara ilowapo, na mtoto wa kike apanguswe kutoka mbele kwenda nyuma. Mafuta mepesi ya kujipaka, kama Vaseline, yapakwe kidogo tu. Poda haifai, kwa kuwa mtoto huivuta mapafuni. Kila siku aachwe kitambo bila nepi, ngozi ipate hewa. Wekundu usipopungua kwa siku tatu, au ukiingia katika mikunjo ya mapaja pamoja na vipele vidogo pembeni, asingoje, amwone mwuguzi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nepi pia humpa mama habari. Baada ya siku tano za kwanza, mtoto anyonyaye vya kutosha hulowesha nepi sita au zaidi kwa siku. Zikipungua sana, mama asifurahie kupunguziwa kazi ya kufua, bali apeleke mtoto akatazamwe.

Jambo la mwisho lamhusu baba. Nepi kumi na mbili kwa siku ni mitungi mingi ya maji, na mwanamke aliyejifungua juzi hana nguvu za kuibeba yote. Katika nyumba ambayo baba huteka maji, hufunga kamba mahali penye jua, na huwasha makaa ya pasi, nepi za nguo hudumu mpaka mtoto wa pili azitumie. Katika nyumba ambayo mama huachiwa yote peke yake, kazi itakayokatwa kwanza ni ile ya pasi, na atakayelipa ni mtoto.