Likishapata macho, si boksi tena

Likizo ya Oktoba imefika. Kwa sisi wenye watoto katika shule za Kifaransa hapa Brussels, tangu mwaka 2022 likizo hii ni wiki mbili nzima; wenzetu wa shule za Kiholanzi wana wiki moja. Huku kwetu Forest mvua imeanza, bustani ya Duden imelowa, na mtoto aliyefungiwa ghorofani anataka simu. Mwezi huu tutengeneze wanyama kwa maboksi, vikopo na trei tunazotupa kila wiki.

Vifaa viko jikoni. Anayeishi Brussels anaijua mifuko yetu: wa njano ni wa karatasi na maboksi, wa bluu ni wa chupa za plastiki, makopo na maboksi ya maziwa na juisi. Tangu 2021 vikopo vya mtindi na vifungashio vingine vya plastiki navyo huingia kwenye wa bluu. Kabla hujaitoa mifuko nje, chagua vichache vilivyo safi, uvisuuze na kuvianika. Ongeza mkasi, gundi, uzi, kalamu za rangi na selotepu. Hakuna cha kununua zaidi.

Najua wengine mtasema: kwa nini nijisumbue, na mimi nimetoka zamu ya usiku? Nami hutoka zamu ya usiku. Sababu yangu ni lugha. Wanangu wawili wanaelewa Kiswahili, lakini hunijibu kwa Kifaransa. Tukimpigia bibi yao Korogwe, wanasema shikamoo, wanasema sijambo, na mazungumzo yanaishia hapo. Bibi akiuliza swali la tatu, mtoto ananitazama mimi nimjibie. Mama yangu hajui Kifaransa na umri wake umekwenda. Mimi nikibaki mkalimani kati yao, siku moja atawaacha wajukuu ambao hawakuwahi kuongea naye.

Nimejaribu vitabu, nimejaribu kuwakalisha chini tusome. Wanachoka, nami nachoka. Lakini mtoto akiwa na mkasi mkononi hajui kwamba anafundishwa. Mwambie: kunja hapa, toboa, shikilia nibandike, zungusha, punguza kidogo, usikate mkia! Anatii kwa mikono, na baada ya dakika chache ananiamrisha mimi kwa maneno yale yale.

Kuna jambo jingine nililoligundua mezani. Watoto wetu wa huku hujikwaa sana kwenye ki, vi, li na ya. Watasema "kiboko kimeanguka" kwa sababu wamezoea "kikombe kimeanguka". Si wajinga, neno linaanza na ki, nao wamefuata sauti. Sasa, unapotengeneza mnyama, kanuni inaonekana kwa macho. Boksi la juisi likidondoka tunasema limeanguka. Tukishalibandika macho na kulipa jina, likidondoka tunasema: kiboko ameanguka. Nyumbani kwetu sheria ni moja: likishapata macho, si boksi tena, ni "a". Mwanangu wa miaka sita aliishika siku ile ile. Siku hizi ananiuliza kabla ya kusema: "Mama, ana macho?" Kwa hiyo tunapendelea wanyama wenye majina ya kutega: kiboko, kifaru, kinyonga, kipepeo, chura. Viboko wawili wamelala. Vyura watatu wanaruka.

Na viungo vya mwili vinaleta vilivyobaki: mkia umekatika, jicho limebanduka, shingo imepinda, miguu imekunjika. Mnyama mmoja wa boksi ana sarufi ya mwezi mzima, na hakuna aliyefungua daftari.

Haya, tuanze na watatu.

Kiboko. Chukua boksi la juisi la lita moja, ulilaze. Mtu mzima akate ubavu wa kulia na wa kushoto kuanzia mwisho mmoja, hadi robo ya urefu: hapo zinapatikana taya mbili. Kata bomba la katikati la karatasi ya chooni vipande vinne vifupi, viwe miguu. Vizibo viwili vya chupa ni macho. Mkia ni uzi.

Twiga. Boksi dogo la chai ni kiwiliwili. Toboa tundu juu, uingize bomba refu la karatasi ya jikoni liwe shingo. Kichwa kikatwe kwenye boksi la nafaka. Mtoto achore mabaka ya kahawia. Hapo utapata nusu saa ya kunywa chai yako ikiwa bado moto.

Kobe. Kwenye boksi la nafaka chora kichwa, miguu minne na mkia katika kipande kimoja, ukate. Kikombe kimoja cha trei ya mayai kiwe gamba, kikae juu. Huyu anafaa kwa wadogo zaidi.

Sasa neno la nesi. Kwa mtoto chini ya miaka 3, chukua lile bomba la karatasi ya chooni: chochote kinachopita ndani yake kinaweza kumkaba koo, basi macho yake yachorwe tu. Betri bapa ndogo za saa zisikaribie meza kabisa. Mtoto akimeza moja, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Trei ya mayai ya karatasi haioshwi, kwa hiyo chagua isiyo na doa, na mikono inawe mkimaliza. Makopo yenye kingo kali yaache. Na maboksi na chupa za dawa msitumie hata zikiwa tupu, kwa sababu mtoto mdogo hawezi kutofautisha tupu na iliyojaa. Tusimfundishe kwamba dawa ni mchezo.

Ikiwezekana, unganisha kwa tundu, mkunjo na uzi badala ya gundi nyingi. Siku mnyama akichakaa, utaweza kumtenganisha: karatasi irudi mfuko wa njano, plastiki wa bluu. Vikishagandana vyote pamoja, vinaishia kwenye mfuko mweupe wa taka za kuchomwa.

Watoto wakidhani hili ni jambo la watu wasio na hela ya dukani, wasimulieni ya Kiwayu, kisiwa cha Lamu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Mkenya Julie Church aliona watoto wa pale wakijitengenezea vitu vya kuchezea kwa ndala zilizoletwa ufukweni na bahari. Kutokana na watoto wale ilizaliwa kazi ambayo leo inaitwa Ocean Sole: ndala zinaokotwa, zinaoshwa, zinagundishwa tabaka kwa tabaka, kisha mafundi wa Nairobi wanazichonga kuwa tembo, simba, twiga na kasa, wengine wakubwa kama wanyama wenyewe. Na Lamu hiyo hiyo, mwaka 2018, fundi Ali Skanda na wenzake walishusha majini jahazi la Flipflopi, lenye urefu wa mita 9, la plastiki iliyotupwa, likiwa limevishwa ndala 30,000. Mwaka uliofuata lilisafiri hadi Zanzibar. Sisi wenyewe tuliokulia Tanga tulicheza na magari ya makopo na ng'ombe wa udongo. Wana wetu hawaanzi kitu kigeni.

Kwa familia za Kivu na Lubumbashi, ambako Kiswahili kina njia zake, semeni kama inavyosemwa kwenu. Bibi wa Bukavu ndiye mwalimu, si mimi wa Korogwe.

Mnyama akikamilika, msimweke tu dirishani. Mpigieni bibi au babu kwa video na mtoto amtambulishe mwenyewe. Jumamosi iliyopita mama yangu aliuliza, "Huyo kiboko wako anakula nini?" Nilinyamaza makusudi, nikaangalia pembeni. Mwanangu akafikiri kidogo, akajibu, "Anakula majani. Na mkate. Lakini hapendi supu." Mama akacheka, akauliza kwa nini hapendi supu. Mimi nikaenda kuosha vyombo, na walikuwa bado wanaongea nilipomaliza.