Mnakagua Nywele, Nani Anakagua Mashine?

Naandika haya nikiwa na hasira, na sehemu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Hivi karibuni nilikuwa Makambako nikisubiri gari la kwenda Njombe. Mvua ikanikimbiza ndani ya saluni ya kiume iliyo jirani na stendi: chumba kimoja, viti viwili, kioo kirefu, na ukutani bango la vichwa vyenye kila mtindo unaojulikana duniani. Haukupita muda akaingia kijana niliyepata kumfundisha. “Shikamoo, mwalimu.” Nikamwitikia, lakini macho yangu yalikuwa kichwani pake. Alikuwa na ile tunayoiita fedi: nywele nyingi utosini, zinazopungua taratibu kuelekea masikioni na kisogoni hadi ngozi inabaki tupu. Ilikuwa imenyolewa kwa ustadi mkubwa. Akaketi, akamwambia kinyozi, “Ondoa zote.”

Nilipomuuliza sababu, alinieleza kwamba asubuhi ile alipeleka barua ya kuomba nafasi ya kujitolea katika ofisi moja. Afisa aliyempokea hakufungua bahasha. Alimwagiza akanyoe kwanza “nywele za kihuni”, ndipo arudi.

Kinyozi akatwaa mashine iliyotoka kichwani mwa mteja aliyetangulia. Akaipuliza kwa mdomo, akaipitishia brashi, akaiwasha. Nikauliza ilipo spiriti. Akanijibu kwa upole kwamba iliisha tangu juzi. Nilivuka barabara hadi duka la dawa, nikanunua chupa ndogo, na bei yake haikufikia nauli yangu ya kwenda Njombe. Mashine ikafutwa, kijana akanyolewa kipara, mvua ikakatika.

Katika gari niliitafakari hali ile. Afisa alimtuma kijana akatafute staha, na agizo hilo likampeleka moja kwa moja chini ya meno ya mashine chafu. Aliona umbo la nywele kwa sekunde moja na kulitolea hukumu. Kilichomo kati ya wembe na ngozi ya mtoto wa mwenzake hakikumpitia akilini.

Lakini nani nimnyooshee kidole? Miaka michache iliyopita mimi mwenyewe nilimtoa mwanafunzi katika chumba cha semina kwa sababu ya kichwa chake. Nilidhani nalinda heshima ya taaluma. Leo sikumbuki hoja aliyotaka kuitoa siku ile. Nakumbuka nywele zake tu. Hiyo ndiyo aibu yangu.

Hoja ya kwanza ya wakaguzi wa vichwa ni kwamba mtindo huu ni wa kigeni. Tuichunguze. Mashine ya umeme ya kunyolea ni ya kigeni kweli, na kipara safi ambacho afisa wetu anakipenda nacho hunyolewa kwa mashine hiyo hiyo. Fedi yenyewe huhusishwa na kambi za jeshi la Marekani za miaka ya 1940 na 1950, kabla Wamarekani weusi hawajaifanyia sanaa yao katika miaka ya 1980. Kwa hiyo tunachokiita uhuni kina ukoo na gwaride. Zaidi ya hapo, Kiswahili kina neno denge, lililo na umri mkubwa kuliko ofisi zetu zote: kunyoa pembeni na kuacha nywele utosini. Lugha haitungi neno kwa jambo ambalo wasemaji wake hawalijui. Babu zetu walinyoa denge, na hakuna aliyewafungia mlango.

Hoja ya pili ni maadili. Hapo historia ina mengi ya kutufundisha. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza rasmi Januari 1969, dhidi ya sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na vipodozi vya kujichubua. Kusudi lilitajwa kuwa ni kulinda utamaduni wa taifa. Mitaani, wasichana waliokuwa wakienda kazini walisumbuliwa na kudhalilishwa. Ng’ambo ya Ziwa Nyasa, ambalo mkoa wetu unapakana nalo kule Ludewa, serikali ya Kamuzu Banda ilikataza wanaume kufuga nywele ndefu, na hata wageni walinyolewa walipoingia Malawi. Je, Malawi ya wakati ule ilikuwa nchi yenye maadili kuliko nyingine? Ilikuwa nchi ambamo mtu aliweza kufungwa kwa maoni yake, akiwa na nywele fupi.

Najua nitajibiwa kwamba taasisi zina taratibu zake. Sikatai. Mpishi afunike nywele ili zisiingie chakulani. Askari anyoe ili kofia ya chuma ikae sawasawa. Kanuni yenye sababu huheshimika kwa sababu yake. Kanuni isiyo na sababu zaidi ya “hatupendi” si nidhamu. Ni mazoezi ya ubwana yanayofanywa juu ya vichwa vya wasio na kazi.

Sasa tuje kwenye jambo linalostahili kukaguliwa. Mkoa wa Njombe ndio wenye kiwango kikubwa zaidi cha maambukizi ya Virusi vya UKIMWI nchini: utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima, ilhali wastani wa taifa ni asilimia 4.4. Sitaki kumtisha mtu. Njia kuu ya maambukizi ni ngono, na hatari ya VVU kupitia mashine ya kunyolea ni ndogo sana. Lakini virusi vya homa ya ini aina ya B ni vigumu zaidi: huweza kukaa nje ya mwili kwa siku saba au zaidi vikiwa bado na uwezo wa kuambukiza. Mapunye nayo hayahitaji hata damu. Na fedi, tofauti na mitindo mingine, hupeleka chuma hadi kwenye ngozi, kisha wembe huchonga mstari wa mbele. Vidonda visivyoonekana kwa macho havikosekani.

Kwa hiyo, kijana unayechagua fedi, chagua kinyozi kabla ya kuchagua mtindo. Uliza spiriti bila haya. Wembe uwe mpya, ufunguliwe mbele yako. Kama kisogo chako hutoka vipele kila unaponyoa, usikubali mashine ifike kwenye ngozi. Waambie waache kivuli cha nywele. Ukiweza, nunua mashine yako mwenyewe uende nayo.

Na ninyi wenye mamlaka, fikirini jambo hili. Fedi hupoteza umbo lake baada ya wiki mbili au tatu. Maana yake ni kwamba kijana wa kiume wa Makambako au Njombe, ambaye hakanyagi kituo cha afya mwaka mzima na ambaye hukwepa kupima kuliko dada yake, hukaa kwenye kiti cha kinyozi kila mwezi, tena ametulia na anasikiliza. Hakuna mhudumu wa afya anayempata kwa urahisi hivyo. Mngemfundisha kinyozi usafi wa vifaa, mkamtembelea kama mnavyotembelea mabucha na migahawa, mkampa vipeperushi na namba ya kituo cha kupimia, mngekuwa na mshirika katika kila mtaa. Badala yake mnamwona fundi wa uhuni, na wateja wake mnawarudisha mlangoni.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Sisi tulio maofisini na madarasani tumekuwa vinyozi wa namna hiyo: tunarekebisha vichwa vya wengine, huku vyetu vina kasoro tusizoziona kwa sababu ziko kisogoni.

Kijana wangu alirudi ofisini siku iliyofuata akiwa na kipara. Bahasha ilipokewa. Nilimpigia simu kumuuliza kama aliulizwa lolote kuhusu shahada yake, au kazi anayoiweza. Akacheka kidogo, akasema, “Hapana, mwalimu. Waliniambia tu kwamba sasa nimependeza.”