Tozo ya Bodaboda Imo Kwenye Tangi
Bodaboda wa Zombo, mkoani Morogoro, anayempeleka abiria Kilosa au Mikumi hakutani na kizuizi cha tozo, wala pikipiki yake haina kifaa cha kusomwa na mitambo. Msidhani anapita bure. Bajeti ya Tanzania ya 2017/18 ilipofuta ada ya mwaka ya leseni ya vyombo vya moto, iliongeza shilingi 40 kwa kila lita ya petroli, dizeli na hata mafuta ya taa (mwenye kibatari naye akabebeshwa!). Kifaa cha aina hiyo kinatumika Nairobi: barabara ya juu ya kulipia iliyofunguliwa 2022 inapokea malipo kielektroniki, ila pikipiki haziruhusiwi kupanda. Anayewaza kumfungia bodaboda wetu kifaa hicho atueleze kwanza: alipe mara ya pili kwa lipi?